Kujuliana Hali na Kuzikana: Wazee wa Miji ya Pwani na Vyama Vyao

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam, mtu aliyekula chumvi nyingi hakuachiwa jamaa zake wa damu peke yao wamuuguze na kumzika, kwani kazi hiyo iligawanywa miongoni mwa watu waliozeeka pamoja naye: majirani wa mtaa mmoja, wenzake wa barazani, watani zake, masomo zake (yaani marafiki zake wa karibu), na wale aliocheza nao ngoma ujanani. Utaratibu huo, ambao katika karne ya 20 ulijulikana zaidi kwa jina la vyama vya kufa na kuzikana, yaani vikundi vya watu wanaochanga fedha na kujitolea nguvu zao ili mwenzao akifikwa na maradhi au mauti asikose wa kumstiri, mara nyingi huelezwa kuwa ni mabaki ya ujima wa kijijini yaliyohamia mjini. Maelezo hayo hayatoshi. Historia ya miji hii inaonyesha kwamba vyama hivyo vilibuniwa mjini na watu ambao safari, utumwa, vita au kazi ya kibarua viliwatenga na koo zao, na kwamba sehemu kubwa ya shughuli yao haikuwa mazishi yenyewe, bali yale mambo madogo ya kila siku ambayo hutangulia mazishi kwa miaka mingi: miguu inayouma, macho yanayofifia, kodi ya chumba isiyolipika, na mtoto aliyekwenda mbali akakata barua.

Chanzo kimoja cha jambo hili kimo katika mwisho wa utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hadhi ya kisheria ya utumwa ikaondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922, chini ya utawala wa Waingereza. Mtumwa aliyeletwa pwani akiwa mtoto kutoka nchi za Ziwa Nyasa au Manyema hakuwa na ukoo wa kumwita nyumbani, na alipoachwa huru alipoteza pia dai lake kwa bwana wake, ambaye kwa desturi ndiye aliyepaswa kumpa sanda. Aliyebaki naye alikuwa mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake wa nyumba ile ile, na baadaye jirani aliyejenga kibanda kando ya chake. Watu hawa walikuwa na sababu nzito ya kuhofia uzee, kwa maana katika jamii iliyomtambua mtu kwa nasaba yake, kufa bila wa kukuosha na kukukafini, yaani kukuvika sanda kwa utaratibu wa dini, kulikuwa fedheha iliyozidi umaskini. Hivyo wakajitengenezea nasaba nyingine, isiyohesabiwa kwa damu bali kwa ahadi.

Chanzo cha pili ni njia za misafara. Utani, ambao ni uhusiano wa kudumu kati ya makabila mawili unaowapa watu wake ruhusa ya kutaniana, kutukanana bila kukasirika na kuchukuliana vitu, ulienea sana katika karne ya 19, wakati wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walipokuwa wakishuka Bagamoyo na pwani ya Uzaramo wakiwa na pembe za ndovu, na wakati majeshi ya Wangoni yalipopigana na jamii nyingi za kusini, ambazo baadaye ziligeuka kuwa watani wao. Mwaka 1944 R. E. Moreau, aliyechunguza desturi hiyo katika Tanganyika nzima, alichapisha makala iliyoonyesha jinsi mtandao wa watani ulivyovuka mipaka ya lugha na majimbo. Mzaha ndio uliowavutia zaidi wageni walioandika habari za utani, lakini kwa mpagazi aliyepatwa na homa ya kuhara siku 20 kutoka kwao, faida ya utani ilikuwa kwamba katika kijiji ambamo hakumjua mtu alikuwapo mtu aliyewajibika kumpa maji, na kama angekufa, kumchimbia kaburi.

Wajibu huo ulipofika mjini haukupungua. Katika misiba ya Dar es Salaam mtani ndiye aliyechimba kaburi, aliyepika, aliyesimamia mambo machafu na mazito ambayo wafiwa hawakuweza kuyashika, na pia ndiye aliyeigiza mwendo na sauti ya marehemu mbele ya waliomlilia, na hata kulala ndani ya kaburi akikataa kutoka mpaka alipwe. Mgeni angeweza kuona ukosefu wa adabu, lakini mambo hayo yalikuwa na kazi yake: yaliwarudishia wafiwa pumzi. Hali ilikuwa hivyo pia kabla ya mauti, kwa kuwa mtani aliweza kumwambia mzee aliyelala kitandani miezi mingi maneno kuhusu uchovu wake, ukaidi wake wa kutokunywa dawa na hofu yake ya kufa, ambayo mwanawe asingethubutu kuyatamka na ambayo mgonjwa mwenyewe huenda alikuwa akiyangoja.

Katika miaka ya 1890 ngoma ziliongeza jambo ambalo utani haukuwa nalo, nalo ni uongozi wenye vyeo na mfuko. Beni, ngoma iliyoiga bendi za matarumbeta na gwaride la kijeshi la Wazungu, ilianza katika miji ya Waswahili ya pwani ya Kenya, ikashuka Tanga na Dar es Salaam, kisha ikasambazwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Pande zake mbili mashuhuri, Marini na Arinoti, zilishindana kwa mavazi, karamu na majina makubwa ya vyeo, na serikali za kikoloni zilizitazama kwa wasiwasi zikidhani zimeficha njama. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha kwamba nyuma ya matarumbeta palikuwa na chama cha kusaidiana: mwanachama aliyeugua alitembelewa, aliyekufa alizikwa kwa heshima, na mgeni aliyehamia mji mwingine alipokewa na wenzake wa upande wake. Vijana walioingia katika beni kwa ajili ya kucheza walizeeka ndani yake, na miguu yao iliposhindwa na gwaride, kilichobaki cha ngoma kilikuwa huo wajibu wa kupokeana na kuzikana.

Kwa upande wa wanawake wa Mombasa, jambo hilo hilo lilifanywa na lelemama, ngoma ya wanawake waliosimama kwa safu wakiimba na kutikisa mikono kwa madaha, ambayo vikundi vyake vilishindana kwa nyimbo za mafumbo na kwa sherehe za gharama. Margaret Strobel, aliyeandika historia ya wanawake Waislamu wa Mombasa kuanzia mwaka 1890 hadi 1975, aliona kwamba vikundi hivyo viliwakutanisha mabinti wa waungwana na wajukuu wa watumwa, ingawa tofauti za daraja hazikufutika, na kwamba wanachama walisaidiana katika arusi na katika misiba. Hili la arusi na misiba lisichukuliwe kuwa dogo. Mwanamke wa mjini aliyepewa talaka akiwa na umri wa miaka 50, ambaye wazazi wake wamekufa na nyumba si yake, hakuwa na baraza la kwenda kukaa wala msikiti wa kupitisha taarifa zake, na kikundi cha ngoma ndicho kilichompa watu wa kugundua kwamba leo hakuonekana.

Baraza, kwa maana inayohusika hapa, ni kiti kirefu cha mawe na chokaa kinachojengwa kuambatana na ukuta wa mbele wa nyumba, nje ya mlango, na kwa kupanuka kwa maana ni kundi la watu wanaokikalia kila siku. Katika Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja viti hivyo ni sehemu ya usanifu wenyewe wa mtaa, na katika Dar es Salaam, Kariakoo hasa, mahali pao palichukuliwa na kibaraza cha nyumba ya Kiswahili, nyumba yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, ambamo mwenye nyumba na wapangaji wake, mara nyingi wa makabila mbalimbali, waliishi chini ya paa moja. Baada ya sala ya alasiri wazee walikusanyika hapo kwa kahawa chungu iliyomiminwa kutoka katika dele, birika la shaba linalokaa juu ya makaa, wakala kashata, wakacheza bao au dhumna, wakazungumza bei za vitu na siasa. Kila mtu alikuwa na mahali pake pa kukaa. Mahali hapo palipokuwa wazi kwa alasiri mbili mfululizo, haikuhitajika amri ya mtu yeyote, kwa sababu mmoja wao angepitia kwa mwenzao baada ya magharibi kumjulia hali, na usiku huo huo wengine wangejua kama ni homa, au ni deni, au ni ugomvi na mkwe.

Namna wazee hao walivyosimuliana maradhi yao inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ilikuwa na adabu yake. Mzee aliyeulizwa hali hakuanza na ugonjwa. Alianza na shukrani kwa Mungu, akataja miguu tu, au kifua tu, na neno hilo tu lilitosha kuwaambia wenzake waliomfahamu miaka 30 kwamba hakulala usiku. Wao nao hawakumdodosa mbele za watu. Mmoja alitaja mafuta ya nyonyo au habasoda iliyomfaa mwaka jana, mwingine akamtaja shehe anayeandika kombe, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani katika sahani na kuoshwa ili mgonjwa anywe maji yake, na mwingine akamshauri asichelewe kwenda hospitali. Kabla ya kuagana, aliyekuwa nacho alimpa mkono, na katika kiganja kulikuwa na noti iliyokunjwa ambayo hakuna aliyepaswa kuiona. Msaada uliotolewa kwa namna hiyo ulimlinda mpokeaji asigeuke mwombaji, na hakuna mfuko wa bima wala ofisi ya ustawi iliyowahi kubuni njia bora zaidi ya kuihifadhi heshima ya mtu mzima.

Hata hivyo baraza lilikuwa la wanaume, na nusu ya pili ya historia hii ilipita uani. Mwanamke aliyechezwa unyago au aliyefundwa ndoa alikuwa na somo, mwanamke mkubwa zaidi aliyemfunza siri za mwili na za nyumba, na neno hilo hilo lilitumika pia kwa rafiki wa karibu. Alikuwa na mashoga zake aliokua nao. Na umri ulipokwenda, watu hao ndio waliomkanda mgongo, waliomchemshia uji wa mtama, waliomfulia na kumbadilishia shuka alipokuwa hajiwezi. Alipofiwa na mume na kuingia eda, kipindi cha miezi minne na siku kumi ambacho mjane Mwislamu hukaa ndani, wao ndio waliopokezana kwenda kumtazama baada ya tanga kuanuliwa na jamaa kutawanyika. Kazi hii ilikuwa nyingi kuliko ile ya wanaume, ilidumu kwa muda mrefu zaidi, na haikuandikwa katika daftari lolote.

Mfano ulio wazi zaidi wa nguvu ya urafiki huo unatoka nje ya pwani, katika mitaa ya Nairobi iliyokaliwa na watu waliojiita Waswahili kwa dini na lugha, yaani Pangani, iliyobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Pumwani, iliyoanzishwa mapema katika miaka ya 1920. Utafiti wa Janet Bujra na baadaye wa Luise White umeonyesha kwamba wanawake wengi waliofika mji ule peke yao, wakajipatia fedha kwa kupika pombe, kwa kupangisha vyumba na kwa kuuza mapenzi, walijenga au kununua nyumba zao wenyewe, na kwamba wengi wao walisilimu. Dini mpya iliwapa undugu ambao ukoo uliwanyima, pamoja na uhakika wa mazishi. Wengine waliasili wasichana waliokuja mjini baada yao, wakawafanya warithi wa nyumba zao. Jamii iliyowaita majina mabaya iliwakuta uzeeni wakiwa na walichokosa wake wengi wa ndoa, yaani chumba chao na mtu aliyefungwa kwa hiari kuwaangalia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili miji ilijaa watu kwa kasi. Dar es Salaam, ambayo mwaka 1957 ilikuwa na wakazi takriban 129,000, ilifikia takriban 273,000 mwaka 1967. J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeendesha uchunguzi wa maisha ya mji huo mwaka 1956 na kuuchapisha kama kitabu mwaka 1963, alikuta vyama vya kikabila ambavyo shughuli zake za dhahiri zilikuwa kusaidiana katika shida na kuzikana, na alikuta pia watani wakiendelea na wajibu wao katikati ya mji wa vibarua na makarani. Katika kipindi hiki ndipo utaratibu wa kufa na kuzikana ulipopata sura anayoijua msomaji wa leo: daftari la majina, mchango wa kila mwezi, mweka hazina, masufuria makubwa ya chama, majamvi, baadaye turubai na viti, na kanuni inayosema ni kiasi gani hutolewa kwa kifo cha mwanachama na kiasi gani kwa mzazi wake. Kanuni hizo zilikuwa na ukali wake, kwani aliyelimbikiza deni la michango aliweza kunyimwa haki, na mara nyingi aliyelimbikiza deni alikuwa ndiye mgonjwa au mzee asiye na kipato, ambaye chama kilianzishwa kwa ajili yake. Daima kulikuwa na wanachama waliomlipia mwenzao kimyakimya, lakini huruma ya mtu mmoja mmoja haikuondoa kasoro ya kanuni.

Siasa za uhuru zilipita katika njia hizo hizo. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alipopewa mwaka 1955 kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, na katika miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi za chama. Wengi wao walikuwa watu wazima, waliokwisha kuolewa na kuachika, waliozoea kuchanga na kuitana. Wazee wa kiume nao walikuwa na baraza lao ndani ya TANU, na desturi ya rais kuwahutubia wazee wa Dar es Salaam ilidumu baada ya uhuru kiasi kwamba Julius Nyerere alitangaza mbele yao, tarehe 2 Novemba 1978, uamuzi wa kumpiga Idi Amin wa Uganda.

Serikali huru hazikuvipenda vyama vya kikabila, na Kenya iliagiza mwaka 1980 vivunjwe, lakini shughuli ya kuzikana haikuweza kuvunjwa kwa agizo. Iliendelea kwa majina ya mtaa, ya msikiti, ya parokia au ya mahali pa kazi. Mtihani wake mkubwa ulikuwa ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata mpangilio mzima wa kusaidiana uligeuka juu chini, kwa kuwa wazee waliochangia ili wazikwe na vijana walijikuta wakiwazika vijana na kulea wajukuu. Mwaka 1993 Tanzania ikaanza uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za umma, na ingawa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua wenye umri wa miaka 60 na zaidi, tofauti kati ya msamaha wa gharama ulioandikwa na dawa iliyopo dirishani imeendelea kuzibwa na mchango wa majirani. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoenea baadaye, VICOBA vikiwa maarufu zaidi, vimekuja na kisanduku cha pembeni kinachoitwa mfuko wa jamii, kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Aliyeusoma mwenendo wa lelemama na beni haoni jambo jipya hapo. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, na hatua hiyo inastahili sifa kwa sababu imemfikia hasa yule mama wa uani ambaye kazi yake haikuhesabiwa.

Kinachosikitisha ni kwamba historia hii inapotea kwa upande wake ulio muhimu zaidi. Wageni waliandika kuhusu matarumbeta na mizaha kwa sababu ilionekana na kusikika, na madaftari ya vyama yaliandika sanda na jeneza kwa sababu vilinunuliwa, lakini uji uliopelekwa kwa mgonjwa kwa miaka minne haukuacha stakabadhi. Madaftari yenyewe, yaliyobaki, yamo katika masanduku ya warithi wa waweka hazina wa zamani, nayo yanaliwa na mchwa au hutupwa nyumba inapouzwa. Wenye madaftari hayo wanaombwa wasiyachome: Nyaraka za Taifa zipo Dar es Salaam na zipo Zanzibar, na vyuo vikuu vina maktaba zinazoweza kuyapokea. Na wanafunzi wa historia wanaotafuta mada ya utafiti waende kwanza kwa akina bibi wa Kariakoo, Ng'ambo, Mji wa Kale wa Mombasa na Pumwani, wawaulize nani aliwauguza mashoga zao, kwa zamu zipi na kwa chakula gani, waandike majibu hayo pamoja na majina ya mitaa na miaka, kwa kuwa waliozaliwa kabla ya vita vya mwaka 1939 sasa ni wachache mno.